Ekzosi iliyoziba humla mkulima kimya kimya

KILA msimu wa kupulizia mikorosho unapokaribia katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na katika wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, mambo yanayozungumzwa zaidi vijijini ni mawili: kama salfa imefika, na bei ya korosho mwaka huu itakuwaje. Ni mambo mazito na yanastahili kuzungumzwa. Hata hivyo, lipo jambo la tatu ambalo halitajwi mikutanoni wala kwenye hotuba, ingawa linawatoa fedha mifukoni wakulima na wafanyabiashara wadogo mwaka hadi mwaka. Jambo hilo ni masizi yanayojaa ndani ya ekzosi za injini ndogo wanazozitegemea kwa kazi.

Injini zinazohusika ni zile za mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki. Ndizo zilizomo kwenye pikipiki za zamani kama Yamaha AG100, Yamaha DT125 na Suzuki A100, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa usafiri wa mabwana shamba, mapadri, wauguzi na wanunuzi wa mazao vijijini. Ndizo zilizomo pia kwenye mashine za kubeba mgongoni za kupulizia salfa, na kwenye misumeno ya kukatia miti. Kuanzia miaka ya 2000 pikipiki za mipigo minne kutoka India na China zimezichukulia nafasi barabarani, lakini za mipigo miwili hazijaisha. Ziko mashambani zinafanya kazi, na nyingi zinafanya kazi zikiwa zimekabwa koo.

Ni vyema kueleza kwa nini injini hizi hushikwa na ugonjwa huu kuliko nyingine. Katika injini ya mipigo minne oili hukaa chini kwenye sehemu yake, na petroli huungua peke yake. Injini ya mipigo miwili haina hifadhi ya oili ya namna hiyo. Oili yake huingia pamoja na petroli, ama kwa kuchanganywa kwenye tangi, ama kwa pampu ndogo kama ilivyo kwenye Yamaha nyingi. Ikishalainisha pistoni na beringi, oili hiyo huungua pamoja na petroli, lakini haiungui yote. Mabaki yake hutoka na moshi yakiwa kama lami nyepesi, hunata kwenye tundu la kutolea moshi la silinda, kwenye shingo ya ekzosi na kwenye bomba dogo lenye matundu lililomo ndani ya salensa. Joto huyakausha mabaki hayo, yakawa masizi magumu. Safu huongezeka juu ya safu, na njia ya moshi huzidi kuwa nyembamba.

Matokeo yake si moshi mweusi tu. Injini ya mipigo miwili hutoa moshi wa zamani na kuingiza mchanganyiko mpya wa petroli na hewa karibu kwa wakati mmoja. Moshi usipotoka vizuri, mchanganyiko mpya hukosa nafasi ya kuingia. Injini huwa kama mtu aliyeambiwa avute pumzi kabla hajatoa ile ya kwanza. Pikipiki huwaka, hutembea vizuri kwenye tambarare kwa mwendo mdogo, lakini ikifika mlimani au ikipakiwa gunia la ufuta hulia tu bila kuvuta. Mwendeshaji huongeza mafuta, injini hupata joto, na petroli huisha kabla ya safari.

Hapo ndipo hasara ya kwanza inapoanzia, kwa sababu dalili hizo hufanana na za injini iliyochoka. Mwenye pikipiki huipeleka gereji, fundi huipiga kiki mara mbili tatu, husikiliza, kisha husema ringi zimekwisha. Injini hufunguliwa, pistoni na ringi hununuliwa, wakati mwingine silinda hupelekwa mjini kuchongwa. Pikipiki hurudi ikiwa na spea mpya na ekzosi ile ile. Baada ya siku chache hali hurudi, na mwenye mali husema spea za siku hizi ni feki. Inawezekana kweli ni feki. Lakini inawezekana vile vile kwamba hazikuhitajika, na kwamba kazi iliyohitajika ilikuwa ya spana moja, brashi ya waya na nusu siku.

Kwa mashine za kupulizia mikorosho hasara ni kubwa zaidi, na inafaa kuitazama kwa makini. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho. Salfa ya unga inapaswa kupulizwa maua yanapoanza kuchanua, na kurudiwa kwa mizunguko kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado upo majanini ili unga unate, na upepo ukiwa haujaanza kupeperusha. Jua likishapanda, kazi ya siku hiyo imekwisha. Saa iliyopotea alfajiri hailipwi mchana.

Ikumbukwe pia kwamba unga huo hurushwa na feni inayozungushwa na injini. Injini ikizunguka kwa kasi yake, upepo hufika hadi kileleni mwa mti. Injini iliyokabwa na masizi haifikii kasi hiyo. Unga huishia kwenye matawi ya chini, na maua ya juu hubaki bila kinga. Mkulima amenunua salfa, amelipa mpuliziaji, ameamka saa kumi usiku, na bado sehemu ya mti wake haijapuliziwa. Ugonjwa ukionekana kileleni, lawama huenda kwa salfa.

Wakulima wa kusini wanajua gharama ya ugonjwa huo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei ndogo kwa mkulima na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwake. Zao lilipoanza kuinuka tena, salfa na mashine za kupulizia zilikuwa na mchango mkubwa. Kuiacha mashine hiyo ikabwe na masizi ni kuidharau kinga iliyopatikana kwa gharama.

Hebu ichukuliwe hesabu ya mfano. Kijana anayepulizia kwa malipo humaliza miti 100 kila alfajiri mashine ikiwa nzima, na hulipwa shilingi 500 kwa mti. Mashine inapoziba, husimama mara kwa mara ili ipoe, na jua linamkuta akiwa na miti 80. Amepoteza shilingi 10,000 kwa siku. Akifanya kazi alfajiri 25 katika msimu, hasara imefika shilingi 250,000, na mara 500 mti umebaki bila kupuliziwa kwa siku iliyopangwa. Kusafisha ekzosi, pamoja na gasketi mpya na ujira wa fundi, tuseme ni shilingi 20,000. Kila mmoja anaweza kuweka bei za kijijini kwake katika hesabu hiyo. Ni vigumu kupata bei zitakazoifanya kazi ya kusafisha ionekane ghali.

Kabla ya kusafisha, ni vyema kuhakikisha kwamba tatizo liko kwenye ekzosi. Chujio la hewa lililojaa vumbi na kabureta chafu huleta dalili zinazofanana, na tena huongeza masizi, kwa kuwa injini hupata petroli nyingi na hewa kidogo. Kwa hiyo chujio lisafishwe kwanza na plagi iangaliwe. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, bomba dogo la ndani ya salensa hushikiliwa na bolti moja mwishoni. Bolti ikifunguliwa na bomba hilo likivutwa nje, hali huonekana kwa macho. Matundu yakiwa yamezibwa na ukoko mweusi, jibu limepatikana. Kwenye mashine za kupulizia na misumeno, mara nyingi kuna kijichujio cha waya kwenye mdomo wa ekzosi, na mara nyingine hicho peke yake ndicho kilichoziba.

Usafishaji wenyewe hauhitaji karakana kubwa. Bomba la ndani la chuma hukwanguliwa kwa brashi ya waya. Ukoko ukiwa mgumu, bomba huwekwa juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, hadi masizi yaungue, kisha likishapoa hugongwa taratibu yakadondoka. Moshi wake usivutwe. Kazi hii isifanyike karibu na petroli, na kwa mwenye mashine ya kupulizia, isifanyike karibu na mifuko ya salfa. Salfa hushika moto kwa urahisi, na moshi wake hukaba pumzi.

Salensa isiyofunguka husafishwa kwa kostiki soda, ile ile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni. Salensa hufunguliwa yote kutoka kwenye injini, na upande mmoja huzibwa kwa kizibo cha mti au mpira. Nusu kilo ya kostiki soda huyeyushwa katika lita 2 hadi 3 za maji ndani ya ndoo ya plastiki, kisha humiminwa ndani na kuachwa usiku kucha. Asubuhi humwagwa, na salensa husuuzwa kwa maji mengi mpaka yatoke safi.

Hapa uangalifu unahitajika kweli. Kostiki soda ndiyo huwekwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya kostiki soda, huchemka ghafla na kuruka. Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa sababu tone moja linaweza kupofusha. Ncha zote mbili za salensa zisizibwe kwa pamoja. Dawa hiyo isiguse kitu chochote cha aluminiamu, kwani hukila na kutoa gesi inayolipuka kwa moto. Inabambua pia rangi, hivyo salensa iliyopakwa rangi itahitaji kupakwa upya. Watoto wawekwe mbali, na maji machafu yasimwagwe mtoni, kisimani wala kwenye mashina ya mazao.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni tundu la moshi kwenye silinda yenyewe. Ekzosi ikishafunguliwa, injini huzungushwa taratibu kwa mkono hadi pistoni ipande juu na ubavu wake uzibe tundu hilo, ili masizi yasiingie ndani. Kisha tundu hukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa. Bisibisi kali au tindo huchora pistoni, na mchoro huo ni mwanzo wa safari ya kununua pistoni nyingine. Masizi yakishafutwa yote kwa kitambaa, ekzosi hurudishwa kwa gasketi mpya, kwa sababu iliyochakaa huvujisha moshi. Miongozo mingi ya pikipiki za aina hii hutaja kazi hiyo ifanyike kila baada ya kilometa 3,000 hadi 6,000. Kwa mashine ya kupulizia, wakati mzuri ni kabla ya msimu kuanza, na kijichujio cha waya kiangaliwe tena katikati ya msimu.

Wapo mafundi wanaotoa dawa ya mkato. Hutoboa salensa kwa nondo, au hulitupa kabisa bomba la ndani, na kijichujio cha waya nacho hutupwa. Kelele huongezeka, na kelele humfanya mtu aamini kwamba nguvu zimerudi. Kwa kweli ekzosi ya mipigo miwili imepimwa umbo na urefu wake ili irudishe ndani mchanganyiko unaotaka kutoroka na moshi. Ikiharibiwa, petroli nyingine hutoka bila kuungua. Aidha, kijichujio kile kimewekwa ili kuzuia cheche. Mtu aliyebeba mgongoni mashine yenye unga wa salfa, akipita kwenye majani makavu, hana sababu ya kukitupa kinga hicho.

Kusafisha bila kuangalia chanzo ni kuteka maji kwa pakacha. Chanzo cha kwanza ni oili. Wengi huamini kwamba oili ikizidi injini inalindwa zaidi, kwa hiyo humimina kwa kukadiria kwa macho. Wengine hutumia oili ya magari, au oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori, kwa kuwa ni rahisi. Oili hizo hazikutengenezwa ziungue, na mabaki yake ndiyo masizi yenyewe. Oili ya 2T ndiyo inayofaa, na kipimo chake hutegemea maelekezo ya mashine. Mashine inayotaka sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili huhitaji mililita 200 kwa lita 5. Inayotaka sehemu 50 kwa moja huhitaji mililita 100 kwa lita 5. Tofauti hiyo ni mara mbili, na jicho haliwezi kuipima. Lakini pia asitokee mtu akapunguza oili chini ya kipimo eti akwepe masizi. Injini itanoki, pistoni itagandamana na silinda, na hapo hakuna brashi itakayosaidia.

Chanzo cha pili ni petroli yenyewe. Mwaka 2010 ulianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, lakini petroli ya chupa kando ya barabara hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mkulima. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui vizuri, huongeza moshi na huiumiza injini. Nafuu ya shilingi mia mbili kwa lita inaweza kuwa mkopo wenye riba kubwa.

Wapo watakaosema kwamba injini hizi zimepitwa na wakati na dawa ni kununua mpya. Kwa pikipiki hoja hiyo ina nguvu. Anayeweza kununua ya mipigo minne atatumia petroli kidogo na hatasumbuliwa na masizi kiasi hiki. Lakini si kila mwenye AG100 ana fedha hizo leo, na mashine ya kubebwa mgongoni ina shida yake. Injini ya mipigo miwili ni nyepesi kwa nguvu inayotoa, na mpuliziaji anayetembea shamba zima nayo anaujua uzito wa kila kilo. Mashine hizi zitakuwapo kwa miaka mingine, na zilizopo ni mtaji uliokwisha kulipiwa.

Tatizo kubwa zaidi si la mkulima mmoja mmoja. Ni la mazoea ya kuthamini ununuzi na kusahau matunzo. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu ofisa ugani asiye na usafiri hawezi kumfikia mkulima. Lakini pikipiki yoyote, iwe ya mipigo miwili au minne, huanza kuchakaa siku inapowashwa. Nyuma ya ofisi nyingi za umma si ajabu kukuta pikipiki zimeegemea ukuta, matairi yamepasuka na nyasi zimeota katikati ya spoku. Nyingi hazikufa kwa ajali. Zilikufa kwa kukosa matengenezo madogo ambayo hayakuwa na fungu.

Kuna hatua ambazo hazihitaji kusubiri mfadhili. Vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kutenga siku moja kabla ya msimu, kila mwenye mashine ailete, na fundi mmoja alipwe na chama kusafisha ekzosi na kuangalia plagi na chujio. Kostiki soda na gasketi zikinunuliwa kwa pamoja bei hushuka, na kazi ya hatari hufanywa na mtu mmoja anayeijua, mahali pamoja penye maji. Wauzaji wa pembejeo wanaweza kuuza oili ya 2T katika vichupa vya mililita 100, pamoja na chupa ya kupimia. Mkulima anayechanganya lita 5 tu hanunui kopo la lita nzima, na akikosa kichupa hurudi kwenye oili ya lori. Vyuo vya VETA katika mikoa ya korosho vinaweza kuwapa mafundi wa vijijini mafunzo mafupi ya injini hizi. Nazo halmashauri zinapopanga bajeti ya pikipiki, fungu la matengenezo liandikwe kwenye ukurasa ule ule wa ununuzi, lisiachwe hadi pikipiki ikwame.

Mafundi nao wana wajibu. Fundi anayesafisha ekzosi na kuirudisha pikipiki ikiwa na nguvu atalipwa kidogo siku hiyo kuliko anayeuza pistoni. Lakini katika kijiji habari husafiri, na mteja aliyeokolewa fedha yake hurudi na wenzake watatu.

Msimu ujao mikorosho itachanua kwa wakati wake bila kumsubiri mtu mwenye mashine mbovu. Salfa inaweza kuchelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa mkulima, na bei inaweza kupangwa na soko la mbali. Masizi yaliyomo kwenye ekzosi yako ndani ya uwezo wake. Bolti moja, brashi na nusu siku ya kazi kabla ya alfajiri ya kwanza vinatosha kumwondolea hasara ambayo amekuwa akiilipa bila kuijua.